Ni Nani Aliyegonga?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuchambua mashairi na riwaya, ila ni nadra kuzichambua sentensi zinazotufikia kila asubuhi kupitia redio za matatu. Naomba leo, mpenzi msomaji, tuitazame sentensi moja tu: "Garimoshi limegonga matatu na kuwaua abiria kadhaa." Nimeisikia kwa sura zake mbalimbali tangu utotoni katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambako reli hukatiza barabara na masoko. Sarufi yake haina kasoro. Kiima kipo, kitenzi kipo, yambwa ipo. Anayekosekana ni dereva wa matatu.

Tuanze na kiima. Garimoshi limepewa nafasi ya mtenda, kana kwamba liling'oa nanga stesheni likiwa na azma ya kuisaka matatu hiyo. Ilhali miongoni mwa vyombo vyote vya usafiri, hakuna kilichonyimwa hiari kama hicho. Haliwezi kupinda kulia wala kushoto. Magurudumu yake ni ya chuma, nayo hupita juu ya chuma. Msuguano wake ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa mpira na lami. Treni ndefu ya mizigo ikiwa katika kasi yake yaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame. Basi dereva wake aionapo matatu imekaa juu ya reli, aghalabu uamuzi umekwisha kumtoka mikononi. Hubakia na breki, honi na macho ya kushuhudia. Isitoshe, reli ilifika hapa mwaka 1899, Nairobi yenyewe ikiwa bado haijawa mji. Barabara ndizo zilizoifuata.

Wengine hupendelea kauli ya kutendana: "treni na basi vimegongana". Kauli hii hudai ushirika. Wanaopigana, wanaosalimiana na wanaopendana kila mmoja ana sehemu yake katika tendo. Je, treni ilikuwa na sehemu gani? Na hapo ndipo linapokuja neno tunalolipenda kuliko yote, "ajali". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni muda uliowekwa, hasa ule wa kufa. Hata katika Kiswahili husemwa kwamba ajali ya mtu imefika. Anayesema "ajali haina kinga" juu ya tukio la relini, basi, amemtwika Mola mzigo wa mtu aliyekuwa ameushika usukani.

Asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 2013, treni ya abiria iligonga basi pale Mutindwa, Nairobi, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Mwezi Agosti 2025, karibu na Naivasha, basi lililowabeba wafanyakazi liligongwa na treni, na vifo vikatokea tena. (Tazama: hata mimi nimeziandika sentensi zilezile. Zimetukaa mno ulimini.)

Yapo mambo yanayomhadaa dereva, sikatai. Kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana kwenda polepole kuliko kasi yake halisi. Lakini katika jiji letu hila kubwa si ya macho, ni ya msongamano. Dereva huingia relini ilhali gari lililo mbele yake halijasogea, akitumaini kwamba litasogea. La nyuma nalo humsukuma kwa honi. Kufumba na kufumbua, abiria 14 wamekaa juu ya mataruma, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika matatu iliyokuwa ikijiandaa kufanya hivyo hasa. Honi ya garimoshi ilikuwa imekwisha kusikika. Mama mmoja wa makamo, mwenye gunia la sukuma wiki miguuni, akagonga paa la gari.

"Mwanangu, nishushe hapa. Nitavuka kwa miguu."

"Mama, treni bado iko mbali," utingo akamjibu huku akicheka.

"Iko mbali, naam. Wewe ndiye uliye karibu nayo. Fungua mlango."

Alishuka na gunia lake. Nikashuka nami, kisha msichana mmoja mwenye sare za shule, kisha wazee wawili. Nauli ilikuwa haijakusanywa! Utingo alipoona hasara hiyo ikimtembelea kwa miguu, alilipiga gari kofi, na dereva akasimama ili tudaiwe. Tulikuwa bado tunahesabu sarafu garimoshi lilipopita, ardhi ikitetema. Hakuna aliyesema neno. Mama yule alilipa, akajitwika gunia lake, akavuka.

Wala sidai kwamba dereva ndiye mkosaji pekee. Yapo makutano yasiyokuwa na kizuizi, taa wala mlinzi, na mengine yamezingirwa na vibanda hata huoni reli mpaka uikanyage. Kwenye reli ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, barabara kwa sehemu kubwa zimepitishwa juu au chini yake, kwa hiyo tunajua kwamba jambo hili lina dawa, ingawa ni ghali. Sentensi yetu inamficha pia yule ambaye angeweka kizuizi na hakukiweka. Garimoshi likishakuwa kiima, hakuna afisa anayeulizwa swali.

Nimejaribu kuiandika upya: "Dereva wa matatu ameingia kwenye makutano yasiyo na kizuizi ilhali garimoshi linakuja, nalo halikuweza kusimama." Ni ndefu, nakiri, na haitoshei kwenye kichwa cha habari. Wenzetu waliokwisha kuajiriwa katika vyumba vya habari watatueleza iwapo kuna mhariri atakayeipitisha.