Kikohozi Changu na Utingo Wangu



Mimi ni dereva wa lori. Kwa miaka kumi na minne nilichukua mizigo toka Dar es Salaam hadi Tunduma, safari ipitayo kilomita 900. Garini tulikuwa wawili, mimi na utingo wangu, kijana ambaye mama yake alinikabidhi nje ya kanisa baada ya Misa. Tulipanda Kitonga pamoja, tulikula sufuria moja, na usiku katika foleni ya mpakani tulifunga vioo kwa ajili ya baridi na wezi, tukalala. Vikumbuke vioo hivyo, msomaji.

Mwezi wa Mei 2023 nikaanza kukohoa. Nikasema ni vumbi. Majuma mawili yakapita, na la tatu. Jasho la usiku likalowesha shuka, na suruali zikaanza kunivuka kiunoni. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mficha maradhi kifo humuumbua." Basi nikaenda hospitali, makohozi yakapimwa, nikakutwa na kifua kikuu. Nilipimwa na lile jingine ambalo kila mwenye kifua kikuu huombwa kupimwa. Majibu yake tunayajua mimi, mke wangu na mganga. Nawe unisamehe, sikuambii.

Dawa ni za bure, nazo humezwa kila siku kwa miezi sita. Zina ajabu moja: hugeuza mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Nilishtuka siku ya kwanza, japo nilikuwa nimeonywa.

Sasa nieleze kosa langu. Muuguzi aliniuliza, "Nani mnalala naye chumba kimoja?" Nikamtajia mke na watoto wanne. Wote walipimwa, wakaonekana wazima, na yule mdogo wa miaka mitatu akapewa dawa za kinga. Muuguzi akauliza tena, "Na kazini je?" Nikajibu, "Kazini niko peke yangu."

Mbona nilisema uongo? Niliogopa habari isije ikafika yadi. Ninyi wenyewe mwajua sifa tuliyonayo sisi madereva wa safari ndefu. Mtu akisikia dereva ana kifua kikuu, hangoji kuuliza. Amekwisha kumchimbia kaburi na kumsikitikia mkewe. Nilijiambia kwamba maradhi yangu ni siri yangu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hewa tuliyoivuta wawili usiku kucha, vioo vikiwa vimefungwa, haikuwa yangu peke yangu.

Nikapewa likizo ya ugonjwa. Labda si wote mnaojua: sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mwenye cheti cha mganga siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za mwisho kwa nusu mshahara. Ni msaada mkubwa, ila kilichotulisha nyumbani kilikuwa posho ya safari, nayo haitoki kwa mtu aliyelala kitandani. Tuliuza mbuzi wawili. Siku zangu zilikuwa zinaisha Oktoba, na dawa zilikuwa ziishe Desemba. Mganga alinieleza kwamba dawa zikifanya kazi vema, baada ya majuma machache mgonjwa huwa haambukizi tena. Basi kurudi kazini mapema hakukuwa na ubaya, mradi nimeze hadi mwisho.

Mwezi wa Septemba tajiri akanipigia simu. Akanipa nafasi mbili: nirudi Tunduma, au niendeshe lori la mchanga hapa hapa Morogoro, nirudi kulala nyumbani, lakini bila posho. Ila kwanza nimletee faili zima la hospitali, alisome. Mimi nilitaka Tunduma. Binti yetu yuko chuoni, na ada haingoji mtu apone. Mke wangu alitaka mchanga. Alisema fedha ya posho itarudi hospitali ile ile. Tulibishana siku tatu, na faili nilikwisha liweka mezani tayari kulipeleka.

Siku ya nne akaja utingo wangu, na sukari kilo mbili. Akakaa, akanywa uji, akanitazama bila kusema. Nikaona aibu imenibana kifua kuliko ugonjwa wenyewe, nikamwambia yote.

Akasema, "Kaka, mimi najua tangu Julai. Cheti chako cha kwanza kiliandikwa ugonjwa. Aliyekipokea ofisini aliwasomea watu, yadi nzima ikajua. Mimi nikaenda kupima, nikakutwa nao. Huu mwezi wa tatu nameza."

Nikakosa neno. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Kisha akanieleza kwamba siku alipopata majibu alimpigia dereva mpya aliyekuwa akisafiri naye, akamwambia naye akapime. Yule dereva alikutwa mzima. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, msomaji, alifanya kwa siku moja jambo lililonishinda mimi kwa miezi mitatu.

Faili sikulipeleka. Nilimwomba mganga barua fupi, akaandika mistari miwili tu: nimetibiwa, naweza kufanya kazi. Tajiri aliigeuza mbele na nyuma, akasema, "Ugonjwa gani?" Nikamjibu kwa heshima kwamba ofisi yake inahitaji kujua kama naweza kazi, na hilo limeandikwa, nikamkumbusha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwamba habari za afya ya mtu si za kusomwa uani. Alinyamaza sana. Nilidhani nimefukuzwa. Mwisho akanisukumia funguo za lori la mchanga. Sikubishana naye. Wala na mke wangu sikubishana tena, ingawa siku ya ada ilipofika tulikopa.

Siku ya kuchukua dawa za Oktoba nilimfuata yule muuguzi, nikangoja mpaka wenzangu wametoka. Nikamwambia kwamba kazini sikuwa peke yangu. Hakunikemea. Akafungua daftari lake kubwa, akashika kalamu, akaniuliza jina la yule kijana na mahali anapotibiwa.

Nikamwambia anipe dakika moja, nitoke nje nimpigie simu, nimwulize kwanza kama ananiruhusu.