Msimu mpya, ligi mbili, nyumba moja

Kina mama wengi wa huku kwetu Msambweni wanajua msimu wa maembe na msimu wa samaki. Mimi nina wa tatu, wa kandanda. Nina watoto watatu, mume mmoja, na timu yangu ni Bandari ya Mombasa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nitamzungumzia Arsenal.

Mapenzi haya niliyarithi kwa marehemu baba. Hakukosa matangazo ya mpira ya redio ya taifa, hasa akitangaza Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Kila matokeo aliyaandika kwa kalamu ya risasi katika daftari la hesabu, na hakuchoka kutukumbusha kwamba Feisal, timu ya Mombasa, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1965. Tangu hapo ubingwa huo haujarudi Pwani. Bandari ilimaliza ya pili mwaka wa 2018, na msimu uliofuata ikawa ya pili tena, mara zote nyuma ya Gor Mahia. Tulijifariji kwa Ngao ya mwaka wa 2019, tulipoilaza Kariobangi Sharks 3-1 katika fainali.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Ligi yetu ilianza mapema mwakani, ile ya Uingereza ikiwa imefika katikati, na ikamalizika kabla ya mwaka kwisha. Baada ya msimu wa 2018 kalenda ikageuzwa ifanane na ya Ulaya. Sasa zote mbili huanza kwa kukaribiana, na hapo ndipo nyumba yangu hugawanyika.

Kijana wangu wa miaka 14 ni Arsenal damu. Mwamshe usiku wa manane, atakutajia kikosi kizima pamoja na wachezaji wa akiba. Muulize kipa wa Bandari, atakuuliza kama wamaanisha bandari ya meli. Jumamosi yuko banda la video na babake tangu saa kumi na moja jioni. Mwishoni mwa Oktoba, Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, mechi husogea hadi saa kumi na mbili, na adhana ya Magharibi huwakuta mpira ndio kwanza umeanza. Hapo ndipo utajua nani mcha Mungu na nani shabiki.

Bandani mimi siendi. Nina redio jikoni. Gazeti likichapisha msimamo wa ligi naukata na kuubandika kwenye kabati kwa uji wa unga. Jirani yangu mmoja huenda Mbaraki kila Bandari ikicheza nyumbani, naye hunipigia simu kwa kila bao. Simu ikinyamaza hadi jioni, najua tumefungwa.

Mara mbili tatu kwa msimu nakwenda mwenyewe: matatu hadi Likoni, feri ambayo mwenda kwa miguu halipi, kisha Mbaraki, si mbali. Watazamaji huwa wachache kiasi kwamba kocha akifoka unasikia kila neno, mengine hayafai kuchapishwa hapa.

Linaloniuma ni kuwa kijana huyu mwenyewe ni winga, na anasema mpira ndio kazi atakayoifanya. Nimemwuliza mara nyingi atapitia mlango gani, kama si wa ligi hii asiyoitazama. Agosti 2025 Kenya ilipoandaa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, alirudi nyumbani sauti imemkauka. Ryan Ogam wa Tusker alikuwa ameifunga Moroko bao pekee, Moroko hiyo hiyo iliyobeba kombe baadaye.

“Mama, hawa huchezea wapi?” aliniuliza.

“Hapa hapa Kenya. Ndiyo sheria ya mashindano haya. Wewe huwa uko bandani.”

Madagascar walitutoa kwa penalti katika robo fainali, na wiki iliyofuata akarudi kwa Arsenal wake. Lakini msimu huu tumekubaliana: mechi moja ya Mbaraki kila mwezi, mimi na yeye. Amechukua ratiba zote mbili na kuzipigia mistari, na ameweka sharti kwamba siku ya Arsenal na Manchester United mkataba hauna nguvu. Babake analalamika kuhusu nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Nimemwambia ajumlishe kwanza kiingilio anacholipa bandani kila wiki, ndipo tuzungumze.