Ufunguo wa Mfereji

Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi naongeza kwamba mwenye ufunguo wa mfereji hamjui mwenye kiu. Nayajua haya kwa sababu ufunguo huo nilikuwa nao.

Nyote mnaujua mfereji wetu kando ya jikoni. Nilipochaguliwa kiranja wa mazingira nilikabidhiwa ufunguo wa kufuli yake, nikaambiwa nifungue wakati wa mapumziko na wa chakula cha mchana pekee. Sababu ilikuwepo. Huku Eastlands maji huja kwa mgao, na mama zetu huamka usiku wa manane kukinga. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Bwawa likipungua, kama ilivyokuwa mwaka wa 2017, mgao unakaza na wenye mikokoteni wanapandisha bei ya mtungi. Kwa hivyo nililinda tangi la shule kama askari. Nilijivuna pia, sikatai.

Siku moja, jua likiwa la utosi, kijana wa kidato cha kwanza alinijia mbio kutoka uwanjani, midomo imemkauka.

"Kiranja, tafadhali, kidogo tu."

"Mono, ngoja saa saba. Hapa si kwa mamako."

Wenzangu waliangua kicheko. Nami nikacheka.

Kesho yake hakuja shuleni. Kesho kutwa alikuja akichechemea. Nilipomuuliza, akasema alinunua maji ya chupa pale kioski kwa nauli yake, halafu jioni akatembea kutoka hapa Umoja hadi Dandora, mvua ikimnyeshea na kiatu kikimchubua kisigino. Hakunilaumu hata kidogo. Ati aliniomba msamaha kwa kunisumbua! Heri angenitusi.

Usiku huo usingizi ulinipaa, nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Sisi ni wanafunzi kama 600. Kila mmoja akinywa lita moja, hizo ni lita 600 kwa siku, yaani mitungi 30 ya mkokoteni. Tangi letu ni la lita 10,000. Likijaa, lingetunywesha siku 16! Basi kinacholimaliza si kiu. Ni kupiga deki madarasa, kuosha vyoo na (mniwie radhi, walimu wangu) kuosha gari moja au mawili. Tulikuwa tunafunga koo za watu ili ndoo za deki zijae.

Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Sikuona palipoandikwa "isipokuwa kabla ya saa saba".

Nilimpelekea mwalimu wa zamu ile karatasi. Alicheka kwanza, kisha akaisoma tena, akaenda nayo ofisini. Siku hizi kuna pipa lenye mfereji mdogo kando ya kila jengo, nasi viranja hulijaza na kulitia dawa kabla ya gwaride. Hakuna kufuli. Taabu iliyobaki ni vikombe: tulileta 12, vikaisha kwa wiki moja, na sasa asiye na chake hukinga kwa viganja.

Yule kijana naye hunywa. Lakini kabla hajainama, bado hugeuka kuangalia kama nipo.