Usingizi Ukiruka, Usiukimbize

Je, umewahi kulala chali ukihesabu malori yanayopita barabara kuu kuelekea Eldoret, moja baada ya jingine, mpaka jogoo akawika? Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Kama umewahi, vuta kiti tuzungumze, kwa maana mimi na wewe ni wa chama kimoja.

Chama hiki kina wanachama wengi Nakuru. Yuko mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro anayekesha kwa chai ya rangi, na mtihani ukishapita usingizi unakataa kurudi. Yuko mama anayeogopa kuachwa na basi la shamba la maua alfajiri. Yuko baba anayepiga hesabu ya kodi na karo gizani. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Kwa asiyepata lepe la usingizi, lakini, usiku huo huo hauishi.

Mimi niliingia chamani mwaka wa 2018, wakati mkataba wangu wa kazi ulipokuwa ukielekea kwisha. Nilikuwa nikipanda kitandani saa tatu ili nilale mapema, nami nikigeukageuka hadi saa nane. Kisha akaja kukaa nasi mama yangu mdogo kutoka Solai, kaskazini mwa mji huu. Bila shaka unakumbuka usiku wa Mei 9 mwaka huo, bwawa la Solai lilipopasuka baada ya mvua kubwa na maji yakafagia nyumba na kuwaua watu zaidi ya 40. Yeye alinusurika. Lakini kila mvua ilipogonga mabati yetu, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu.

"Mama mdogo, mbona hulali?" nilimwuliza usiku mmoja.

"Mwanangu," akanijibu, "nitajuaje kwamba hii ni mvua tu?"

Swali lile lilinifunza jambo ambalo vidonge haviwezi kulifunza. Mwili hauachilii usingizi uje ikiwa unaamini kuna hatari ya kulindwa. Hatari hiyo ikiwa ni maji, au deni, au barua ya kufutwa kazi, moyo hudunda vile vile na macho hukodoka vile vile. Ukizidi kujilazimisha, ndivyo unavyozidi kuuambia mwili kwamba mambo si salama.

Basi tukapatana. Kwa kuwa mimi sikuwa nalala kabla ya usiku wa manane, ningeketi kwenye stuli sebuleni hadi saa sita nikisoma magazeti ya zamani, niwe mlinzi. Yeye angevua viatu alale. Mvua ikizidi, ningemwamsha. Usiku wa kwanza alilala saa mbili, usiku wa nne akalala hadi nilipokwenda kulala mimi. Jambo la ajabu ni kwamba mlinzi naye alianza kusinzia. Baada ya wiki tatu hivi, ikifika saa sita kope zangu zilikuwa nzito, na nikigusa mto tu nachukuliwa.

Baadaye nilisoma nikajua kwamba hilo si ajabu hata kidogo. Mwaka wa 1972 mtaalamu wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza kwamba kitanda chenyewe kinaweza kumfunza mtu kukesha. Ukilala macho usiku baada ya usiku, mwili unazoea kwamba kitandani ni mahali pa kuwaza. Dawa yake ni rahisi kutamka na ngumu kutenda: usipande kitandani mpaka usinzie; usingizi usipokuja kwa muda wa kama dakika 20, ondoka ukakae kwingine; na asubuhi amka saa ile ile hata kama umelala kidogo. Mchana usilale. Mwaka wa 2016, chama cha madaktari wa maradhi ya ndani cha Marekani kilipendekeza matibabu ya namna hii, pamoja na kurekebisha mawazo na mazoea, yatangulie kabla ya vidonge.

Najua utaniuliza: nikae kwingine wapi, nami naishi chumba kimoja Kaptembwo, kitanda ndicho kochi na ndicho meza? Swali lako ni la haki. Tandika leso nzee juu ya kitanda mchana na uketi juu ya hiyo leso, miguu chini. Usiku iondoe, ukunje, uweke kando. Usingizi ukiruka, shuka ukae kwenye stuli au ndoo iliyofunikwa, taa ikiwa hafifu na simu ikiwa mbali, kwani mwanga mkali huuambia ubongo kwamba kumekucha.

Sisi wa hapa tuna bahati mbili. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Toka nje ulipate, lishike kama saa yako. Pili, mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi hufaa, maana mwili hupoa kidogo unapoingia usingizini. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, katika Bonde hili hili la Ufa, walichunguzwa na wataalamu waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2015. Hawana umeme, lakini hawalali jua linapotua. Huota moto na kupiga gumzo kwa saa kadhaa kwanza.

Kuhusu vinywaji, kumbuka kwamba saa tano hivi baada ya kunywa kahawa, karibu nusu ya kafeini ingali mwilini. Chai nayo ina kafeini, na miraa pia hufukuza usingizi. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatakata usiku ukiendelea. Usinunue Piriton ili ulale. Hiyo ni dawa ya mzio. Na ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, nenda hospitalini ukamwone daktari.

Mama mdogo alihitaji zaidi ya stuli yangu. Alikwenda kwa mshauri nasaha, akasimulia usiku ule mara nyingi mpaka akaweza kuusimulia bila kutetemeka. Wapo wengine kama yeye, wakiwemo waliopigwa na maji Mai Mahiu kabla ya mapambazuko ya Aprili 29, 2024. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, usimwambie asahau. Mwulize mvua ikinyesha kama angependa mtu wa kukesha naye.

Leo mama mdogo anaishi kwake tena, mlimani kidogo. Mvua ikija hunipigia simu saa tatu usiku, tunasalimiana, kisha ananiambia anavua viatu.