Mwalimu wa Tongaren aliyeufuata Mto Nzoia

MSOMAJI, je, umewahi kuona mashua iliyojaa mahindi? Si mashua iliyoegeshwa bandarini ikisubiri kupakuliwa, bali mashua iliyolala chini ya paa la ghala, mbali kabisa na ziwa, kuku wakitaga mayai kwenye omo yake. Kama hujaiona, fuatana nami hadi Tongaren.

Ukitokea Kitale, panda matatu inayoelekea Webuye. Utapita Kiminini, Mlima Elgon ukiwa mkono wako wa kulia, kilele chake kikiwa kimejifunika wingu kama mzee aliyejitanda blanketi asubuhi. Kisha utaiacha barabara kuu na kukata kushoto, uingie mashambani. Wanaotoka Webuye wengi hupitia Misikhu na Naitiri. Vyovyote utakavyokuja, utajua umefika kwa kuwa mahindi yatakuzunguka pande zote, na kila utakayekutana naye atakusalimu, "Mulembe!" Maana yake ni amani. Nawe jibu vivyo hivyo.

Mimi nilifika Desemba, wakati mahindi yamekwisha vunwa na mabua yanalishwa ng'ombe. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kuhani, tena nikiwa nimechelewa miezi minane. Mwalimu aliyenifundisha jiografia nikiwa darasa la saba alikuwa amefariki, na mimi, niliyejidai kuwa na kazi nyingi mjini, sikuhudhuria mazishi.

Sitamtaja jina kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa. Huko kwao kila mtu humwita Mwalimu tu, na hakuna anayeuliza ni mwalimu yupi.

WATU WA SKIMU

Ili umwelewe Mwalimu, lazima uielewe Tongaren. Enzi za ukoloni ardhi hii ilikuwa ya walowezi, sehemu ya zile zilizoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mwafrika aliishi humo kama kibarua. Uhuru ulipokaribia, ulianza mpango wa kununua takriban ekari milioni moja kutoka kwa walowezi na kuwagawia Waafrika, kwa mkopo ambao mkulima alitakiwa kuulipa. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa skimu za Tongaren, Naitiri na Ndalu. Hadi leo utasikia mzee akisema, "Sisi ni watu wa skimu," kwa fahari ya mtu aliyeilipia ardhi yake shilingi kwa shilingi.

Baba yake Mwalimu alikuwa mmoja wao. Mwana alirithi shamba, lakini hakurithi mapenzi ya kutulia shambani. Ualimu ulimpeleka kwanza kandokando ya Ziwa Viktoria, na huko wavuvi wakamfundisha kupiga makasia. Aliporudishwa nyumbani alikuja na vitu vitatu: filimbi ya mchezo, ramani iliyochakaa na mashua ndogo ya mbao, aliyoisafirisha juu ya lori la makaa. Majirani walicheka hadi machozi yakawatoka. "Mwalimu anangojea gharika ya Nuhu?" waliulizana.

Naye alicheka pamoja nao. Jioni aliwakusanya watoto uwanjani, akapiga filimbi, na mbio zikaanza. Kwetu sisi, michezo haikuwa jambo la kubabaisha. Alitusimulia habari za Ben Jipcho, mwana wa Mlima Elgon tunaouona dirishani, aliyepata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Alitusimulia pia kwamba Elijah Masinde, tunayemjua kama kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyewasumbua wakoloni, alikuwa kwanza mchezaji mpira hodari. "Mguu wenu," alisema, "unaweza kuwafikisha mahali ambapo baba zenu hawajafika."

KAMBA MTONI

Lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa mto. Nzoia hupita upande wa mashariki wa Tongaren, na huko ndiko mpaka wetu na watu wa Lugari. Kila msimu wa mvua mto huo ulikuwa ukichukua watu: mama aliyekwenda kuteka maji, kijana aliyejaribu kuvuka. Mwalimu alisema ni aibu watoto kuzaliwa ukingoni mwa mto na kufa kwa kutojua kuogelea.

Kwa hiyo miezi ya kiangazi, maji yanapopungua, alitupeleka mahali palipotulia, akafunga kamba kwenye mti huku na mti kule, akasimama katikati ya maji yaliyomfika kifuani. Aliyeweza kuogelea kutoka kamba hadi kamba aliandikwa jina kwenye daftari. Walioandikwa wangepelekwa ziwani likizo ya Agosti, wakapande mashua halisi na kuona mahali Nzoia inapoishia.

Msomaji, jina langu halikuandikwa. Niliingia hadi magotini, maji yakanipa kizunguzungu, nikatoka mbio. Nilimdanganya kwamba nina homa. Alinitazama, akajua, wala hakunifedhehesha mbele ya wenzangu. Alisema tu, "Nafasi yako nitakuwekea." Wenzangu walikwenda na kurudi wakiwa na hadithi za mwaka mzima. Mimi nilibaki kuzisikiliza.

Miaka ikapita. Alipostaafu, Mwalimu aliamua kuusafiri mto wote kwa vipande. Alijua vyema kwamba Nzoia haisafiriki kwa mashua mwanzo hadi mwisho. Atakayejaribu atavunjika mifupa kwenye maporomoko ya Nabuyole, kule Webuye. Kwa hiyo alitembea kandokando yake, mara kwa miguu, mara kwa baiskeli. Alianzia milima ya Cherang'any unakotoka mto, akafika Moi's Bridge, kisha Webuye, mji ambao ukubwa wake uliletwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichosimamisha kazi mwaka 2009. Akateremka hadi Mumias penye miwa. Mto huo una urefu wa takriban kilomita 250, na kila kipande alikiandika. Mara mbili alinipigia simu: "Bado sijafika mlangoni. Njoo twende wote." Mara zote mbili nilimwambia, "Mwezi ujao, Mwalimu."

DAFTARI

Mjane wake alinipokea kwa chai na kuku. Hakunilaumu. Alinionyesha kaburi, kisha akanipeleka ghalani, na hapo ndipo nilipoiona ile mashua, imejaa mahindi hadi pomoni.

"Alisema isikae bure," akaniambia. "Kama haibebi watu, ibebe chakula."

Halafu akaniletea daftari. Lilikuwa lile lile la zamani, majina ya watoto upande mmoja, safari za mto upande wa pili. Nilitafuta ukurasa wa darasa letu. Chini ya majina ya waliovuka palikuwa na jina langu, limeandikwa kwa penseli, na mbele yake neno moja: "Baadaye."

"Mama," nikamwambia, "naomba kulichukua kwa siku mbili. Nitalirudisha."

"Nenda, mwanangu. Ila usiniambie mwezi ujao."

Kumbe alikuwa amesikia simu zile.

MLANGONI

Kesho yake alfajiri nilishika njia. Nilibadilisha matatu mara kadhaa, nikauacha ubaridi wa kwetu na kuingia joto la Bunyala, hadi Port Victoria. Hapa ardhi ni tambarare kama meza, na mto umezungushiwa matuta ya udongo ili usivunje kingo. Hata hivyo huvunja. Mwaka 2020 mafuriko yalizihamisha familia nyingi za Budalang'i, zikaacha nyumba zikiwa zimezama.

Mvuvi mmoja alikubali kunipeleka. Alinivalisha jaketi la kuelea, akaona mikono yangu inatetemeka. "Usimame katikati, usiangalie chini," akaniambia. Tulipita kati ya mafunjo na magugumaji, korongo wakituangalia. Ghafla mafunjo yakaisha, na mbele yetu pakawa na maji tu hadi mwisho wa macho.

Mvuvi akazima injini. "Ndio hapa," alisema.

Nilivunja amri yake, nikaangalia chini. Maji ya mto yalikuwa ya kahawia, yale ya ziwa yalielekea buluu, na mstari kati yao ulionekana waziwazi. Nikakumbuka somo moja la darasa la saba. Mwalimu alituuliza udongo unaochukuliwa na mvua shambani huenda wapi. Hakuna aliyejua. Akasema, "Unasafiri. Shamba la baba yako linatembea kuliko wewe." Siku hiyo alitutoa nje kupanda nyasi kwenye makinga maji. Tope lile nililoliona mlangoni, bila shaka, mlikuwamo na chembe za Tongaren zilizonitangulia.

Nilitoa daftari nikaandika tarehe na neno "Mlangoni". Jina langu la penseli nililipitisha wino. Sijui kuogelea bado, msomaji, lakini nimekwisha kuuliza bei ya mafunzo hapa mjini, na mwanangu wa miaka sita tutaanza naye.

Daftari nimelirudisha. Ukienda Tongaren, wapite watu wa skimu uwasalimu, kisha uombe kuonyeshwa ile mashua. Na kama una mwalimu wako aliyestaafu mahali fulani, naye amewahi kukuita, usimwambie mwezi ujao. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na mwenye kukuonyesha njia hakai milele ukingoni akikungoja.