Binti wa Ballarat na Kombe la Melbourne



Juma hili twaomba ruhusa yenu tusafiri mbali na mambo yetu ya kila siku, hadi Australia, kwenye mbio za farasi. Wengi wetu farasi twamfahamu kwa picha ya Mtakatifu Jorji iliyotundikwa ukutani, joka likiwa chini ya kwato. Hata hivyo Michelle Payne, mwanamke tunayetaka kumzungumzia, ametushughulisha mawazo kwa muda mrefu, na sababu yake mtaiona mbele.

Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1985, sikukuu ya Malaika Wakuu, akiwa kitindamimba katika familia ya Kikatoliki ya watoto kumi, huko Ballarat katika jimbo la Victoria. Alikuwa na umri wa miezi sita tu mama yake, Mary, alipofariki katika ajali ya gari. Baba yake, Paddy, mfunza farasi, akabaki na watoto kumi na mabanda ya wanyama. Akawalea. Sisi tulioketi mara nyingi na wagane baada ya mazishi, tukisikia ndugu wakigawana watoto, huyu aende kwa shangazi, yule kwa bibi, twaujua uzito wa neno hilo moja.

Wanane kati ya watoto hao wakawa wapanda farasi wa mashindano. Michelle aliingia uwanjani mara ya kwanza akiwa na miaka 15, papo hapo Ballarat, juu ya farasi aitwaye Reigning aliyefunzwa na baba yake, akashinda. Lakini kazi hiyo haina huruma. Mwaka 2004 alianguka vibaya katika uwanja wa Sandown, akavunjika fuvu la kichwa na ubongo ukaumia. Mwaka 2007 dada yake Brigid, naye mpanda farasi, alifariki dunia miezi kadhaa baada ya kuanguka. Ndugu walimsihi Michelle aache, nasi tungalikuwepo tungaliungana nao. Hakuacha. Mwaka 2009 alishinda mbio kubwa za Toorak akiwa na farasi Allez Wonder.

Ili tuelewe alichofanya baadaye, yafaa tujue Kombe la Melbourne ni nini. Ni mbio za mita 3,200, zilizoanza mwaka 1861, nazo hufanyika Jumanne ya kwanza ya Novemba, na siku hiyo mji wa Melbourne hupumzika kazi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa Australia hawakuruhusiwa kupanda dhidi ya wanaume. Hata kufunza farasi ilikuwa taabu: mwaka 1938 Kombe lilichukuliwa na farasi Catalogue, aliyefunzwa na Bibi McDonald wa New Zealand, lakini kwa kuwa Australia haikuwapa wanawake leseni, jina lililoandikwa lilikuwa la mumewe. Mwanamke wa kwanza kupanda katika mbio hizo, Maree Lyndon, alifanya hivyo mwaka 1987. Miaka 28 zaidi ikapita bila mwanamke kushinda.

Mwaka 2015 Michelle alipanda farasi Prince of Penzance, aliyewahi kupasuliwa na madaktari wa wanyama zaidi ya mara moja, na ambaye hakuna aliyemtazamia. Wacheza kamari walimpa nafasi ya moja kwa mia. (Tusieleweke vibaya: hatuisifu kamari, ambayo inawamalizia vijana wetu ada za shule.) Baadhi ya wamiliki wa farasi huyo walitaka apandwe na mtu mwingine, mfunzaji, Darren Weir, akamtetea. Ukweli watudai tuongeze kwamba bwana huyo mwaka 2019 alifungiwa miaka minne kwa kupatikana na vifaa vya umeme vya kuwashtulia farasi.

Sasa twafika kwa Stevie. Huyu ni kaka yake Michelle, aliyezaliwa na Down sindromu, naye ndiye aliyekuwa mhudumu wa Prince of Penzance: kumwogesha, kumwongoza kwa hatamu, kumtuliza. Siku chache kabla ya mbio ndiye aliyetumwa kupiga kura ya nafasi za kuanzia, akatoa namba moja, iliyo karibu kabisa na uzio wa ndani. Tarehe 3 Novemba, kati ya farasi 24, Michelle alitulia humo ndani, akangoja, akatoka kwenye msongamano katika mita za mwisho na kumpita Max Dynamite wa Frankie Dettori. Kwa mara ya kwanza katika mashindano 155, mshindi alikuwa mwanamke. Mavazi yake yalikuwa ya zambarau, kijani na nyeupe, rangi walizobeba wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura. Alipopewa kipaza sauti aliwaambia waziwazi, kwa maneno makali kidogo, wale waliodhani wanawake hawana nguvu.

Watu wengi waliyashika maneno hayo. Sisi tulimshika Stevie. Katika kuzitembelea familia tumekuta watoto kama yeye wamefungiwa chumba cha ndani mgeni anapobisha hodi. Tumeombwa tuwabariki haraka, mlango ukiwa umerudishwa. Hao hawakuwahi kupewa hata ndoo ya maji waibebe. Paddy Payne alimpa wake farasi.

Maisha baada ya ushindi hayakuwa mteremko. Mwaka 2016 Michelle alianguka tena, huko Mildura, kongosho likapasuka. Mwaka uliofuata alisimamishwa majuma manne kwa kutumia dawa iliyokatazwa ya kupunguza hamu ya chakula, naye akaomba radhi. Siku ya Kombe farasi wake alibeba kilo 53, mpandaji na tandiko pamoja. Anayetaka kujua njaa ya kazi hiyo na apige hesabu. Alipata pia leseni ya kufunza farasi.

Mwaka 2019 ilitoka filamu juu ya maisha yake, Ride Like a Girl, iliyoongozwa na Rachel Griffiths. Michelle aliigizwa na Teresa Palmer, na baba yao na Sam Neill. Kwa nafasi ya Stevie hakutafutwa mwigizaji. Aliicheza mwenyewe.