Mzazi Hajambo?

Kwetu Jongowe, kusini mwa kisiwa cha Tumbatu, mwanamke mwenye mimba pevu huhesabu miezi na huhesabu maji. Bahari ikipwa, mashua hubaki mbali na watu huifuata kwa miguu, nguo zimekunjwa hadi magotini. Kusi likishika, mkondo kati yetu na Mkokotoni huchafuka na nahodha mwenye busara husubiri. Uchungu hausubiri. Kwa hiyo mwezi wa mwisho ulipoingia nilifunga kanga zangu, pamba na kadi ya kliniki, nikavuka mapema kwenda kukaa kwa shangazi yangu Mkokotoni. Kutoka pale, Hospitali ya Kivunge ni mwendo mfupi wa gari.

Tulivuka maji yakiwa yamejaa. Mume wangu alinishika mkono mpaka nikakaa katikati ya mashua, nahodha akaamuru magunia yasogezwe ninyooshe miguu. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa ubavuni pangu aliweka kiganja juu ya tumbo, akanisomea dua kimyakimya mpaka tukafika ng'ambo.

Uchungu ulinijia usiku, baada ya isha. Ulianzia kiunoni, ukazunguka hadi chini ya kitovu. Ulikuja kama maji ya bamvua: unapanda, unafunika kila kitu, kisha unarudi nyuma na kuniacha nikihema. Shangazi alitazama saa, alipoona haupiti muda mrefu kabla uchungu haujarudi, akamwamsha jirani mwenye gari. Kivunge, mkunga alinipima presha, akausikiliza moyo wa mtoto, akaniambia nitembee maadamu miguu inaniitika. Nikatembea, shangazi akinisugua mgongo. Njia ilipofunguka sentimita 10, mkunga aliniinamia: "Sasa mwanangu, ukija, sukuma nao. Ukiondoka, pumzika."

Binti yangu alizaliwa karibu na alfajiri. Alikohoa, akakunja uso, ndipo akalia. Mkunga alimfuta kwa kanga kavu, akamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, akangoja kitovu kiache kupiga kabla ya kukikata. Haikupita saa, alikuwa ameshalipata titi na dang'a ya manjano ilikuwa ikimshukia kooni.

Shangazi alikuwa akilia kwa furaha, mimi nimepotea katika vidole vya mwanangu, lakini mkunga hakuniondolea macho. Alikuwa ameshanichoma paja sindano ya oksitosini ya kukaza kizazi. Kondo la nyuma lilipotoka aliligeuza, akahakikisha limetoka zima. Kila baada ya muda alirudi kunibonyeza tumbo na kutazama damu. "Kizazi kikilegea, mama anakwenda huku watu wanamtazama mtoto," alimwambia shangazi. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi duniani, na saa za hatari zaidi ni 24 za mwanzo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mzazi abaki kituoni angalau saa hizo, hata kama amejifungua salama.

Mume wangu alimwadhinia binti yetu sikioni. Mtoto akapewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, nasi tukaruhusiwa, tukasubiri maji yajae, tukavuka kurudi kwetu.

Nyumba ilijaa wageni. Kila aliyeingia alimwendea mtoto: kafanana na nani, ana kilo ngapi, analala usiku? Bibi yangu, mama yake mama, aliwapita wote, akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Nambie mjukuu wangu, usinifiche. Damu inatokaje? Kichwa hakikuumi? Huoni kiwi? Homa huna?"

Nilijibu moja baada ya jingine. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alikuwa na dada, aliyejifungulia kisiwani mtoto wa kiume mwenye afya. Wanawake walikuwa ukumbini wakipiga vigelegele na kupokezana mtoto. Mzazi alikuwa chumba cha ndani, amesema amechoka, aachwe alale. Walipokwenda kumwamsha ale, godoro lilikuwa limelowa. Tangu hapo bibi haingii kwenye nyumba ya uzazi akaanza na mtoto.

Bibi alinipa uji wa pilipili manga, supu ya samaki, na usingizi. Usingizi ndio uliokuwa adimu, maana kichanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana. Kinyesi cheusi cha mwanzo kiligeuka kijani, kisha manjano, ishara kwamba maziwa yanamfika. Jirani aliyeleta maji ya sukari bibi alimshukuru, akayaweka kando: mtoto atanyonya maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Kitovu tulikiacha kikavu, bila kukipaka kitu.

Maziwa yalipojaa, matiti yakawa mazito, nami nikalia bila kujua ninalilia nini. Bibi hakuniambia ninyamaze. Alimchukua mtoto, akamwambia mume wangu aketi nami. "Mpaka machozi yakauke," alisema. "Na yakiendelea kupita wiki mbili, mpeleke kwa daktari kama unavyompeleka mwenye homa."

Siku ya saba tulichinja mbuzi wa akika, mtoto akanyolewa, akapewa jina, na sadaka ya uzito wa nywele zake ikatoka. Nilikaa kati ya watu nikiwa na nguvu ya kucheka.

Dada wa bibi alikuwa na nyumba iliyojaa watu waliompenda. Swali ndilo lililokosekana, na swali halihitaji mashua, gari wala fedha. Mtoto akipelekwa chanjo za wiki ya sita, nami nitapimwa. Nimeshamwambia mume wangu tunaokwenda kupimwa kliniki ni wawili, si mmoja. Nawe ukienda kutoa hongera, kabla hujanyoosha mikono kupokea kichanga, mtazame aliyemzaa na umuulize: mzazi hajambo? Kisha kaa, usikilize jibu lote.